Nani Alituchagulia Njia? Historia ya Kuelekezwa kwa Wanafunzi wa Burundi

Kuna kitenzi kimoja ambacho sisi wanafunzi wa Burundi hatukitumii ila katika kauli ya kutendwa. Matokeo yakitoka na orodha ikibandikwa ukutani, tunaulizana: "Umeelekezwa wapi?" Mmoja atajibu, "Nimeelekezwa mchepuo wa lugha." Mwingine atasema ameelekezwa shule ya ualimu, mbali na kwao, mahali ambapo hajawahi kufika. Sijawahi kumsikia mtu akisema "nimejielekeza". Na ukiuliza ni nani aliyekuelekeza, utachekwa. Watakwambia "wameniweka huko", bila kusema hao waliomweka ni akina nani.

Katika insha hii nataka kuwatafuta hao. Nimekulia Magarama, mtaa wa mji wa Gitega. (Kuna Magarama nyingine Muyinga, upande wa mpaka wa Tanzania, na mama yangu anatoka huko. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, najibu neno moja na ninakuwa nimesema kweli mara mbili.) Nimesoma vitabu nilivyoweza kuvipata, na nimekaa na watu wawili wa ukoo wetu ambao maisha yao yaliamuliwa na orodha: babu yangu na baba mdogo. Nilipoanza nilidhani tatizo letu la kuchagua masomo na kazi ni jipya, limeletwa na wingi wa wanafunzi. Kumbe lina umri wa miaka mia moja hivi.

Kabla ya shule, mtoto wa Burundi hakuwa na haja ya kuelekezwa. Mtoto wa mfua chuma alijifunza kufua chuma, wa mfugaji alijifunza ng'ombe, na wa mkulima alishika jembe. Mapadre Weupe walipofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, ndipo alipotokea mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kumwambia mtoto wa mwingine: wewe utakuwa kitu tofauti na baba yako. Padre alitazama ni nani anayeshika haraka mafundisho ya dini, akamfanya katekista. Wajerumani nao, waliohamishia makao yao makuu Gitega mwaka 1912, walitaka makarani na wakalimani, na aliyejua Kiswahili alikuwa na kazi. Mwaka 1926 ilifunguliwa seminari ndogo ya Mugera, si mbali na hapa Gitega, na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa njia karibu pekee ambayo mtoto asiye wa chifu angeweza kupita ili kusoma sana. Wengi walioingia hawakuwa mapadre. Walitoka wakiwa wanajua Kilatini na Kifaransa, kisha wakatafuta kazi nyingine. Kwa namna fulani wao ndio waliojielekeza, lakini ilibidi watoke kwanza.

Shule iliyoweka mfano tunaoishi nao mpaka leo haikuwa hata ndani ya Burundi. Ilikuwa Astrida, Rwanda, mji ambao baadaye uliitwa Butare na sasa ni Huye. Wabelgiji walikuwa wamewatoa Wajerumani mwaka 1916, na walitawala Rwanda na Burundi kama nchi moja iliyoitwa Ruanda-Urundi. Mwaka 1929 Ndugu wa Upendo, watawa kutoka Ubelgiji, walikabidhiwa kazi ya kuanzisha huko shule kubwa moja, Groupe scolaire. Zamani yake kulikuwa na shule ndogo za watoto wa machifu, kama ile ya Nyanza kwa Rwanda na ile ya Muramvya kwetu. Astrida ilizikusanya.

Inafaa kuieleza vizuri namna ilivyofanya kazi. Mvulana (wavulana tu, wasichana hawakuwemo) alisoma kwanza masomo ya jumla. Baada ya hapo wanafunzi waligawanywa katika michepuo: wasaidizi wa madaktari, wasaidizi wa mifugo, wasaidizi wa kilimo, na watumishi wa utawala, yaani machifu na makarani wa kesho. Mgawanyo ulifuata mahitaji ya serikali ya kikoloni. Ikihitaji wauguzi, wanafunzi walikuwa wauguzi. Ikihitaji watu wa kuchanja ng'ombe, walikuwa watu wa ng'ombe. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na mlango wa kwanza: nani anaingia. Waliopendelewa walikuwa watoto wa machifu, kwa Burundi maana yake Baganwa na Watutsi, na Wahutu walioingia walikuwa wachache. Kwa hiyo mtoto alichaguliwa mara mbili, kwanza kwa sababu ya baba yake, kisha kwa sababu ya mahitaji ya serikali.

Lakini nilipomweleza babu haya kwa hasira, alinituliza. Alisema: "Mjukuu wangu, aliyetoka Astrida alitoka na kazi mkononi." Yeye hakusoma huko, ila aliwafahamu waliosoma. Muuguzi wa Astrida alikuja kijijini na baiskeli, viatu, na mshahara. Hakuna aliyemuuliza kama alipenda uuguzi. Hata yeye mwenyewe hakujiuliza, kwa sababu mwajiri alikuwa mmoja na kazi ilikuwa tayari inamngoja kabla hajamaliza mtihani. Hili neno la babu ndilo lililonifanya niandike insha hii kwa namna nyingine kuliko nilivyopanga. Orodha ya Astrida ilikuwa amri, ndiyo, lakini ilikuwa pia ahadi.

Mwana wa mfalme Mwambutsa, Louis Rwagasore, aliyezaliwa hapa Gitega mwaka 1932, alipita Astrida pia. Kutoka huko alipelekwa Ubelgiji, Antwerp, kwenye chuo kilichofundisha utawala wa makoloni. Njia yake ilikuwa imechorwa wazi: arudi awe chifu mkubwa anayewasaidia Wabelgiji kutawala. Aliporudi alifanya mambo yake. Alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara na wakulima, akaongoza chama cha UPRONA, akashinda uchaguzi wa Septemba 1961, na mwezi mmoja baadaye akauawa. Huwa nafikiri kwamba kati ya wote walioelekezwa na Wabelgiji, huyu ndiye aliyeielewa elimu yake kinyume kabisa na walivyotaka.

Wasichana historia yao ni fupi, na ufupi wake ni aibu. Masista waliwafundisha kushona, kupika, kulea watoto, na baadaye ualimu na uuguzi. Kule Usumbura, kuanzia mwaka 1946 hadi 1960, palikuwa na nyumba ya mafunzo iliyoitwa Foyer social ambapo wanawake wa mjini walifundishwa kuwa wake wa wafanyakazi. Yaani hata mafunzo yao yalielekezwa na kazi ya mume.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962. Nchi ilikuwa na wasomi wachache sana na ofisi nyingi tupu, na chuo kikuu cha kwanza kilianza Bujumbura mwaka 1964. Orodha haikufutwa, ilibadilisha mwenyewe tu. Sasa ilikuwa ya wizara. Iliyohitajika zaidi ya zote ilikuwa kazi ya ualimu, na Gitega ikawa moja ya miji ya kuandaa walimu. Mwaka 1966 aliingia katika shule ya ualimu ya hapa kijana mmoja kutoka Muramvya, Melchior Ndadaye. Alielekezwa kuwa mwalimu. Mwaka 1972 alikuwa ameshakimbilia Rwanda ili asiuawe. Huko alisomea elimu, aliporudi nchini akafanya kazi ya benki, na mwezi Juni 1993 wananchi walimchagua kuwa rais. Aliuawa Oktoba mwaka huohuo.

Siwezi kuupita mwaka 1972 kwa haraka, ingawa ningependa. Mauaji ya mwaka ule, wakati wa utawala wa Micombero, yalichukua watu zaidi ya laki moja kwa makadirio ya wanahistoria wengi, na kati ya waliotafutwa hasa walikuwa Wahutu waliosoma: walimu, wauguzi, watumishi wa serikali, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Shuleni majina yalisomwa na wanafunzi wakatolewa nje. Fikiria maana yake kwa suala letu. Jina kwenye orodha ya shule, ambalo miaka kumi nyuma lilikuwa sababu ya kuchinja mbuzi, likawa jina ambalo lingeweza kukuua. Baada ya hapo wako wazazi waliokataa watoto wao wasisome sana. Hao nao walikuwa wanawapangia watoto mustakabali, na hakuna anayeweza kuwaambia kwamba walikosea hesabu.

Katika miaka ya Bagaza, 1976 hadi 1987, mlango mkubwa ulikuwa mtihani wa taifa wa darasa la sita. Waliofaulu kwenda sekondari walikuwa sehemu ndogo tu ya waliofanya, na watoto wengi walirudia darasa hilo mara mbili au tatu wakijaribu bahati. Watu wa rika la baba yangu wanasimulia kwamba karatasi za mtihani ziliwekwa herufi, "u" kwa Wahutu na "i" kwa Watutsi, ili wasahihishaji wajue wanamsahihisha nani. Simulizi hiyo imeandikwa pia katika ripoti ya shirika la International Alert ya mwaka 2000 kuhusu elimu ya Burundi. Sikuwepo na sina karatasi ya kuonyesha. Ninachoweza kukionyesha ni kwamba watu waliosaini Mkataba wa Arusha tarehe 28 Agosti 2000 waliona ni lazima kuandika ndani ya mkataba wa kumaliza vita kwamba mitihani iwe ya wazi na ya haki, na kwamba shule na vifaa vigawanywe kwa usawa katika mikoa. Mkataba wa amani unaozungumzia mitihani ya shule! Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa. Sisi hatushangai.

Baba mdogo alifanya mtihani wa darasa la sita katika miaka hiyo. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu. Alifungua redio ya babu akapigwa, akaifunga ikalia, akasamehewa. Alitaka kwenda shule ya ufundi ya Kamenge, Bujumbura, kwa sababu jirani mmoja alisoma huko akarudi anajua mota. Alifaulu, na baada ya miaka ya mwanzo ya sekondari orodha ikamweka ualimu. Hakuna aliyemuuliza na hakuna aliyemweleza. Nilimuuliza kama alilalamika, akanitazama kama vile nimeuliza kama alilalamikia mvua. Alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Wanafunzi wake wanamsalimia njiani kwa heshima, nami najua alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu alinifundisha mimi kusoma saa. Lakini jioni, hapa Magarama, nyuma ya nyumba yake kuna meza yenye koleo, waya na simu za watu zilizokufa. Hatozi pesa nyingi. Anasema anapumzika.

Hata hivyo yeye pia alipata ile ahadi ya babu. Alipomaliza shule ya ualimu alipewa darasa, na mwisho wa mwezi alipewa mshahara.

Mambo yalibadilika katika muda mfupi sana, na hapa ndipo naona kiini cha shida ya rika letu. Mwaka 2005 serikali mpya ya Nkurunziza ilifuta karo ya shule za msingi. Watoto walimiminika hadi madarasa yakasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Kila tarafa ilitaka shule yake ya sekondari, na wananchi walibeba matofali wenyewe. Sheria ya Septemba 2013 ilipanua shule ya msingi ikawa ya miaka tisa, kwa hiyo mlango mkubwa ukahama kutoka darasa la sita kwenda la tisa, na baada yake mwanafunzi huingia mchepuo wake: wa masomo ya jumla, wa ualimu, au wa ufundi. Haya yote ni mazuri. Bila ya hayo nisingekuwa naandika hapa. Lakini angalia kilichobaki na kilichoondoka. Orodha imebaki. Bado inagawanya watoto kwa alama na kwa nafasi zilizopo. Kazi iliyokuwa ikingoja mwisho wa orodha imeondoka. Serikali haiwezi kumwajiri kila mwenye diploma, na haisemi uongo kuhusu hilo, kila mtu anajua. Tumerithi amri ya Astrida bila ahadi yake.

Ikiwa hakuna tena mwajiri mmoja, basi mtoto anahitaji kitu ambacho Astrida haikukihitaji: mtu wa kukaa naye na kuzungumza. Wazo hili nalo si jipya duniani. Mwaka 1908 huko Boston, Marekani, bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana, wengi wao watoto wa wahamiaji maskini, wachague kazi. Aliwauliza maswali mengi juu ya wao wenyewe, akawaeleza kazi zilizopo na zinavyolipa, kisha akawaachia waamue. Alikufa mwaka huohuo, na kitabu chake kilitoka mwaka 1909. Karibu na sisi, Tanzania wanafunzi wa sekondari hujaza fomu ya machaguo ya tahasusi na vyuo, na Kenya, katika mtaala mpya, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu huchagua mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Sisemi kwa majirani mambo ni sawa. Nimewasikia Wakenya wakilalamika vilevile. Ila hata fomu tu humlazimisha mtoto ajiulize.

Sisi pia tunaandika machaguo yetu. Niseme yaliyonipata, bila kutaja shule. Nilipokuwa darasa la tisa tulipewa karatasi asubuhi na ilitakiwa kurudi kabla ya mapumziko. Prefe wa masomo alituambia tuandike haraka na tusiharibu karatasi, kwa kuwa zimehesabiwa. Rafiki yangu aliandika alichoandika mwenzake wa dawatini. Mimi niliandika sayansi kwanza, kwa sababu nilisikia wenye akili huandika sayansi, na lugha pili, kwa sababu palikuwa na mstari wa pili. Orodha ilitoka nikiwa lugha. Nililia siku mbili. Mama aliniambia Kiswahili si kigeni kwetu, kwao Muyinga kinazungumzwa sokoni, na nchi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, huenda kitanifaa. Kumbe maneno yale machache, aliyoyasema akiwa anapembua maharage, ndiyo ushauri pekee wa masomo niliowahi kupata kwa mtu mzima mpaka nilipofika chuo kikuu.

Nimekipenda Kiswahili. Ni lazima niseme hivyo, la sivyo mwalimu wangu atadhani namlalamikia. Lakini kukipenda baadaye si sawa na kukichagua, na mara nyingine usiku najiuliza kama mimi ni baba mdogo mwingine, nikisubiri meza yangu ya nyuma ya nyumba.

Mwezi uliopita binti wa jirani, yuko darasa la tisa, alikuja na daftari. Alisikia kwamba niko chuo kikuu, kwa hiyo najua. Anataka kuwa muuguzi. Aliniuliza aandike mchepuo gani. Nilianza kumjibu kama mkubwa, kisha nikagundua sijui kitu, tukacheka. Basi tukafanya kazi. Tulitandika ripoti zake za miaka miwili mezani, tukaona hesabu zinashuka na biolojia inapanda. Tulikwenda kwa mwanamke mmoja wa mtaani anayefanya kazi hospitalini, akatueleza kwamba unaweza kupita shule ya wauguzi moja kwa moja baada ya darasa la tisa, au ukamaliza sayansi kwanza halafu ukaingia chuo, na kwamba njia hizi mbili hazikupeleki kwenye cheo kimoja wala mshahara mmoja. Alimwambia pia kuhusu zamu za usiku na miguu kuuma. Binti aliandika yote, hata ya miguu. Baba mdogo, aliyekuwa amekuja kurudisha simu ya mtu, alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Na hiyo hesabu, nani anakusaidia?" Siku hizi Jumamosi jioni meza ya koleo na waya inaondolewa vitu upande mmoja.

Ameshaandika chaguo la kwanza kwa penseli. La pili bado liko wazi. Anataka kwanza kumuuliza shangazi yake, ambaye ni muuguzi Muyinga, na karatasi yenyewe haijagawanywa.